Mahali Ng'ambo ya Mafunjo

Ashukuriwe Mungu aliyeweka ziwa upande mmoja na mawe upande mwingine, akatuachia katikati nafasi ya kutosha gurudumu la baiskeli. Ashukuriwe kwa magoti yangu, ambayo yanalalamika lakini yanakwenda. Ashukuriwe kwa pumzi, kwa rafiki, na kwa herufi za alfabeti, hata zile mbili ambazo sisi wa huku hatujawahi kuzitenganisha vizuri. Baada ya shukrani hizo naweza kusimulia.

Mimi ni katekista mstaafu, nakaa Igoma. Mke wangu alitangulia kwa Bwana, watoto wana miji yao, na kila Jumamosi asubuhi natoka na baiskeli yangu, ile nyeusi ya chuma ambayo wenzangu wengi wanabebea mkaa. Sitoki peke yangu. Natoka na jirani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mlutheri kutoka Bukoba. Yeye baiskeli yake ina gia, na kichwani anavaa kofia ngumu aliyotumiwa na mwanawe. Watoto wa njiani humwuliza umeme unaletwa lini. Mwanzoni aliwaeleza kwamba hiyo ni kofia ya waendesha baiskeli. Siku hizi anawajibu, "Bado nguzo," na tunapita.

Barabara kuu ya Musoma tunaivumilia mpaka Kisesa, kama watu wanavyovumilia matangazo wakati misa imeshakwisha na njaa imeshaanza. Malori yanatupulizia moshi, bodaboda wanatupita wakiwa wamebeba magodoro. Tukishaacha lami pale Kisesa, tukazunguka chini ya kilima cha Bujora, dunia inabadilika. Njia ni ya vumbi jekundu, inateremka kati ya mihogo na pamba, halafu majaruba ya mpunga, halafu bwawa. Katikati ya bwawa limepita tuta la udongo lenye upana wa ng'ombe mmoja na nusu. Mafunjo yamesimama pande zote mbili, marefu kuliko mtu aliye juu ya baiskeli. Vyura wananyamaza gurudumu linapokaribia, na wanaanza tena nyuma yako, kama watu waliokuwa wakikusema.

Mwalimu huiita njia hiyo njia ya kimya. Ni kimya cha injini tu. Kwa habari ya watu, hakuna njia yenye maneno kama hiyo. Huku kwetu huwezi kumsalimia mtu ukiwa juu ya baiskeli, ni kama kumsalimia ukiwa umelala. Unashuka. Unauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, unaulizwa za mjini, ndipo unapanda. Hatua chache mbele kuna mama mwingine. Mwalimu aliwahi kusema kwamba kama tungeacha baiskeli nyumbani tungefika mapema zaidi, maana tusingepoteza muda wa kupanda na kushuka.

Ng'ambo ya tuta hilo anakaa dada yangu mkubwa, na yeye ndiye sababu ya yote haya. Miguu yake imevimba, hawezi tena kwenda mbali. Kanisa la kigango lililo karibu liko upande wetu wa bwawa, na mvua zikianza maji hupanda juu ya tuta. Kila mwaka, miezi ile ya maji, yeye na akina mama wenzake wa jumuiya walikuwa wanasali kwenye kibanda chake cha kuku, kuku wakiwa wametolewa nje na wakidai kurudi wakati wa maombi. Alinishika mkono kabla ya vuli akaniambia, "Ndugu yangu, mimi sitaki kuzikwa nikiwa nimesali mala ya mwisho na kuku. Tutafutie mahali."

Mahali penyewe tulikuwa tukipaona kila Jumamosi. Mara tu tuta linapokwisha kuna kilima kidogo chenye mawe matatu makubwa, na nyuma ya mawe pana uwanja mkavu ambao maji hayajawahi kuufikia. Ni wa mzee mmoja mwenye ng'ombe, mtu wa mila, hajabatizwa, lakini ni mtu wa heshima. Anaishi hapo pamoja na mdogo wake wa kike, mjane, mkulima wa mpunga. Yule mjane alibatizwa tangu utotoni, na sauti yake inavuka bwawa bila tuta. Kila nilipopita karibu na majaruba yake alikuwa ananyoosha mgongo na kusema, "Katekista, tia mafuta cheni hiyo. Unawatisha kamongo." Kamongo ni samaki wa matopeni, na sijui kama anaogopa chochote. Mimi nilikuwa nacheka na kuendelea kunyonga, cheni ikilia.

Basi nilimpigia simu yule mzee.

"Nataka nije tuzungumze habari ya mahali," nilimwambia.

Upande wa pili ng'ombe mmoja alilia.

"Mahali," akasema.

"Ndiyo, mahali."

"Umefikili vizuli?"

"Nimesali juu ya jambo hili kwa muda mrefu."

"Hilo nimelipenda. Na dada yako anajua?"

"Ndiye aliyenituma."

"Basi kalibu sana, Katekista. Lakini usije peke yako. Jambo kama hili halisemwi na mwenyewe. Lete msemaji."

Nilikata simu nikiwa na furaha. Nilimwambia Mwalimu kwamba hata wasiobatizwa wanajua adabu kuliko sisi, na kwamba nimemchagua yeye kuwa msemaji, kwa kuwa Kiswahili chake kimenyooka. Alikubali upesi. Mwalimu hajawahi kukataa kusimama mbele ya watu.

Jumamosi hiyo nilivaa shati jeupe na suruali yangu ya Pasaka, nikaifunga chini kwa kamba isiingie kwenye cheni. Mwalimu alivaa koti. Tulipoingia kwenye tuta tukakutana na akina mama wanatoka kuchota maji. Kabla hatujashuka kusalimia, wao wakasogea pembeni na kupiga vigelegele. Mioyo yetu ikajaa. Nilidhani habari ya kikanisa imeshawafikia, nikawapungia mkono kama askofu. Nyuma yangu nikasikia wanaulizana.

"Ndiye yupi?"

"Mwenye kofia ngumu."

"Aa, huyo fundi umeme. Ni huyu mwembamba wa mbele, yule mwenye cheni inayolia."

"Mungu wangu. Huyu?"

Hilo la mwisho lilinishangaza kidogo, lakini sikulichunguza.

Nyumbani kwa mzee, ndani ya ua wa minyaa, tulikuta wazee wengine wamekaa kwenye vigoda, wote wamevaa vizuri. Moshi ulikuwa unatoka jikoni na harufu ya mbuzi ilikuwa wazi. Dada yangu alikuwa ameletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, amekaa kwenye kiti cha pekee, ananitazama kwa macho ya kucheka ambayo sikuyaelewa. Sisi tuliwekwa kwenye viti viwili kuelekea mlango wa nyumba. Mlangoni palikuwa na pazia jipya la kitenge, na nyuma ya pazia mtu alikuwa anakohoa.

Tuliamkiana. Hilo lilichukua muda wake. Kisha mzee wa nyumba akasema, "Wageni wetu, kalibuni. Semeni mlichokuja nacho."

Mwalimu akasimama, akaweka mikono nyuma. "Wazee wangu, hatuna maneno mengi. Tumekuja kuomba habari ya mahali. Hatuombi mahali pakubwa. Hata padogo patatosha."

Wazee wakatabasamu kwa ujanja, kama wauzaji sokoni. Mzee wa nyumba akasema, "Wote wanaokuja huomba iwe ndogo. Ukubwa wa mahali tunausema sisi."

"Ni sawa kabisa," akasema Mwalimu. "Ninyi ndio wenyewe, ninyi ndio wapimaji."

"Tumeshapima. Tunajua kwamba ni mjane, na mahali ya kwanza ililiwa zamani. Lakini ile ilikuwa ya ujana. Hii ni ya uzoefu. Kwa hiyo ng'ombe tumewapunguza, ila hatujawafuta kabisa."

Mwalimu akanigeukia. "Katekista, kanisa lenu hununua viwanja kwa ng'ombe?"

"Sijawahi kusikia," nikasema.

Mwalimu amefundisha watoto wa huku tangu kijana, na niliona usoni pake kitu kinapambazuka. Akamwendea mzee akainama kwa upole, kama anavyomwinamia mtoto aliyeshika penseli vibaya. "Mzee wangu, ng'ombe ambao kijana anawatoa ili apewe mke, wanaitwaje?"

"Mahali."

"Na hapa tulipokaa, kwenye viti hivi, ni kitu gani?"

"Ni mahali," akasema mzee, akishangaa mtu mzima na koti lake hajui jambo hilo.

Mwalimu akavua kofia ngumu. Akanirudia, akaniambia sikioni, "Katekista, tumeposa."

Ndugu msomaji, Kisukuma chetu hakina ile r. Ukimpa Msukuma r ataipokea kwa heshima na kukurudishia l. Barabara ni balabala, habari ni habali, na mahari ya kuolea inafanana na mahali pa kujengea kama mapacha. Mimi mwenyewe ni Msukuma. Niliipata r kwa kiboko cha seminari ndogo, na kwa kuwa naimiliki nilisahau kwamba wengine hawakupigwa. Tena, dada yangu alikuwa ameitangazia ng'ambo yote kwa miaka mingi kwamba mdogo wake anahitaji mke kabla hajasahau kupika hata chai. Mzee wa watu angeelewaje vingine?

Ikabidi tueleze. Mwalimu alieleza, nami nikaeleza, na kadiri tulivyoeleza ndivyo ua ulivyozidi kuwa kimya. Kule jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Mzee wa nyumba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kwa hiyo hukumtaka dada yangu."

"Baba, sikusema simtaki. Sikusema chochote juu yake."

"Nimeita ndugu. Nimechinja. Wanawake wamepiga vigelegele kwenye tuta. Kesho watasema mtu alitoka mjini kwa baiskeli, akamwona dada yangu, akabadilisha neno lake likawa kiwanja. Na wewe unataka nikupe kiwanja?"

Nilimtazama dada yangu. Kicheko kilikuwa kimemwisha machoni. Alikuwa anayatazama yale mawe matatu nje ya ua, na mawingu ya vuli yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa ziwa. Nikawafikiria wale kuku.

Ndipo pazia likafunguka na mjane akatoka. Alikuwa amevaa kitenge kipya, kilemba kimefungwa imara. Sikuwa nimewahi kumwona bila matope. Akachukua kigoda, akakaa katikati yetu, ungo wa karanga magotini.

"Kaka, mimi kiwanja wape," akasema. "Akina mama wanahitaji. Hata mimi nahitaji, nimechoka kusali na kuku wa watu. Lakini hiki kitenge sikivui bule. Watu wajue kwamba mimi ndiye niliyemkataa Katekista. Siyo yeye."

Wazee wakatikisa vichwa wakikubali. Mzee wa nyumba akafikiri, akasema hilo lingerudisha heshima yote, na mbuzi aliwe. "Katekista, sema mbele ya hawa kwamba amekukataa, kiwanja ni chenu."

Mwalimu akaninong'oneza, "Sema upesi, tule."

Lakini ningesemaje? Nimewafundisha watoto amri ya nane, ile ya kutosema uongo, kizazi baada ya kizazi. Mtu hawezi kukataliwa kitu ambacho hakuomba. Na nyumba ya Mungu haiwezi kuanza kwa uongo wa katekista, hata ukiwa uongo wa adabu. Nikawaambia hivyo. Dada yangu akajishika kichwa.

Mjane akamenya karanga. "Basi omba," akasema. "Uombe kweli, nikukatae kweli. Kila mtu aende na ukweli wake."

Hapo nilibanwa pande zote, kama mtu aliyekutana na ng'ombe katikati ya tuta. Kuomba bila nia ni uongo ule ule uliovaa shati jeupe. Na kuomba kwa nia kuna hatari yake, maana mtu anaweza kukubali. Nikaomba ruhusa nisali. Nilifumba macho nikamwambia Mungu kimoyomoyo, "Bwana, nipe nia. Hata ya muda mfupi, ya kutosha swali moja." Sikumbuki kama nimewahi kupewa jambo upesi namna ile. Nilipofumbua macho niliona mikono yake ilivyokuwa ikimenya karanga bila haraka, na ikanijia kwamba nyumbani kwangu ni siku nyingi hakuna mtu aliyeniambia nitie mafuta kitu chochote.

Nikasimama. "Mama," nikasema, "mimi ni mzee. Magoti yangu yanalia na cheni yangu inalia zaidi. Nina nyumba Igoma, haivuji, na jioni ni kimya sana. Nakuomba, kama utapenda, uwe mke wangu."

Nilitegemea atajibu mara moja, tumalize. Akamenya karanga. Mwalimu akaanza kuzungusha kofia yake mikononi. Mzee wa nyumba akainua nyusi, nikamwona anaanza upya hesabu ya ng'ombe.

"Unakoloma?" akauliza mjane.

"Sijui. Aliyekuwa anajua ametangulia."

Akaacha kumenya. Akanitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha usoni pake. Kisha akasema kwa ile sauti ya kuvuka bwawa, "Hapana. Nimemwambia atie mafuta cheni tangu lini? Mwanamume asiyesikia habali ya cheni, nikimwambia habali ya bati linalovuja atasikia?"

Ua ukalipuka kwa vicheko. Vigelegele vikapigwa kuzidi vya asubuhi. Mzee wa nyumba akaja kunipa mkono, akanipa pole kwa moyo wa kweli, akanionyesha kiwanja kuanzia jiwe la kwanza mpaka jiwe la tatu. Mbuzi alikuwa mtamu, Mungu ashukuriwe. Dada yangu alilia kidogo, akasema ni moshi, ingawa jiko lilikuwa upande mwingine wa upepo.

Jioni tulirudi kwenye tuta, mafunjo yakiinama kwa upepo wa mvua. Mwalimu alikuwa nyuma yangu.

"Katekista."

"Naam, Mwalimu."

"Pale ulipoomba. Ulisema kweli?"

"Ningewezaje kusema uongo?"

"Yote? Hata ile ya jioni kuwa kimya?"

"Nyonga baiskeli, Mwalimu. Mvua inakuja."

Kikanisa kipo sasa. Kuta ni za tofali za udongo, bati tulichangishana, na benchi la mbele ni la dada yangu, lina mto. Mvua zikifunika tuta, upande ule wa bwawa haukosi sala. Mzee wa nyumba bado hajabatizwa, lakini huja kukaa nje ya dirisha na kusikiliza, na wimbo ukienda vibaya hukohoa. Watu wa njiani wananiita mkataliwa. Watoto wanasema, "Shikamoo, mkataliwa," kwa adabu zote, nami nashuka na kuitikia marahaba. Mwalimu anapenda sana jina hilo. Amenieleza kisarufi kwamba limetengenezwa vizuri.

Kuhusu ile nia niliyoiomba ya muda mfupi, Mungu ni mwenye ukarimu, na anapotoa hana tabia ya kudai mapema. Jumamosi iliyofuata nilinunua mafuta ya cheni. Nikapita kwenye majaruba bila sauti, kama ndege. Mjane hakuinua kichwa. Jumamosi nyingine vilevile. Ya baada ya hapo alinyoosha mgongo akanikuta nimeshapita.

"Katekista," akaita. "Siku hizi hatukusikii ukija."

Nikashuka, kama adabu inavyotaka. "Nimetia mafuta."

Akaniangalia, akaiangalia cheni, akarudi kuinama kwenye mpunga wake.

"Basi uwe unapiga kengele," akasema, "tujue."

Mwalimu akajifanya anarekebisha gia. Na tangu siku hiyo, nikifika penye majaruba, napiga kengele.

Nawe unayesoma, Mungu akupe njia isiyo na moshi na mtu wa kumsalimia njiani. Akutunzie magoti. Maneno yako yafike kwa wenzako jinsi ulivyoyatuma, na likitokea moja likapoteza herufi, Mwenyezi alipeleke mahali pema. Amina.